Memori kadi ya GB 128 imemeza picha za sendofu. Feki inajulikanaje kabla sijalipa mtandaoni?

KameraTemeke (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnivumilie, ni refu, lakini tangu Jumapili sijalala vizuri.

Mimi ni mpiga picha, ni mwanamke, naishi Temeke, kazi hii nina mwaka wa sita. Napiga sendofu, harusi, maulidi, mahafali ya chekechea. Kamera yangu ni Canon 6D niliyoinunua mkononi mwa mtu, na ina nafasi ya kadi moja tu. Wenye kamera za kadi mbili, moja ikifa nyingine ipo. Mimi sina hiyo nafuu.

Wiki tatu zilizopita kadi yangu ya zamani ya GB 32 ilianza kusumbua. Nikaingia mtandaoni nikakuta ukurasa unaouza vifaa vya kamera, wafuasi elfu sitini na kitu, picha zimepigwa kwa ustadi. Walikuwa na SanDisk ya GB 128 kwa Sh 38,000. Kariakoo nilikuwa nimetajiwa 45,000, kwa hiyo haikuwa bei ya kunishtua. Nikaona ni nafuu ya kawaida ya mtu asiyelipia fremu ya duka. Nikatuma hela, jioni bodaboda akaleta. Pakiti imefungwa barabara, kadi nyekundu na dhahabu kama ile niliyozoea.

Sikuipokea kizembe. Niliiweka kwenye kamera, nikaifomati, nikapiga picha kama ishirini pale sebuleni, nikazihamishia kwenye kompyuta, zote zikafunguka. Kompyuta ikaonyesha GB 119, nikauliza, nikaambiwa ni kawaida.

Jumamosi nikaenda nayo kwenye sendofu, ukumbi uko Mbagala. Nilipiga picha 947, zote RAW, yaani faili ghafi la kamera. Kila nikibonyeza naangalia kioo cha nyuma, picha inatokea, nzuri. Jumapili asubuhi nahamisha: 638 za mwanzo ziko salama. Kuanzia hapo jina la faili lipo, ukubwa upo, MB 24, ukilifungua hakuna kitu. Tatu nne zinaonyesha kipande cha juu, chini yote kijivu.

Katika zile 309 kulikuwa na keki, zawadi na wosia wa bibi. Bibi yake bi harusi alitoka Lushoto, miguu haimbebi tena, vijana walimnyanyua na kiti chake mpaka mbele. Alimshika mjukuu mikono yote miwili, akaongea naye taratibu, halafu akamfunga khanga kiunoni kwa mkono wake. Ukumbi mzima ulinyamaza, hata MC alishusha maiki. Nilipiga kama picha arobaini za pale. Sina hata moja.

Muuzaji nimemwandikia, akasoma, akanifungia.

Naomba kujua mambo mawili. Picha zile zinaweza kurudi? Na mtu anayenunua mtandaoni, asiyeweza kukishika kitu mkononi, atajuaje kuwa ni feki kabla hela haijaondoka?

---

MtaaWaKati

Pole sana dada. Kwa kweli hiyo ya bibi inauma. Ila somo ni bei. Kitu cha 45,000 mtu akikuuzia 38,000 ujue kuna jambo. Nunua ghali, ulale usingizi.

---

FundiAggrey

Dada, pole kutoka moyoni. Mimi nina meza ya kutengeneza simu na kompyuta mtaa wa Aggrey, mwaka wa kumi na moja huu, na kadi za namna hiyo naletewa karibu kila wiki. Walioharibikiwa zaidi ni nyie wa harusi, kwa sababu shughuli hairudiwi.

Kabla ya yote: usiifomati hiyo kadi, wala usiirudishe kwenye kamera. Kile kiswichi kidogo cha ubavuni kisukume upande wa kufunga, kadi uiviringishe kwenye karatasi uiweke mahali. Hiyo ndiyo picha zako zilizobaki, na ndiyo ushahidi wako pia.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana ukikielewa hutapigwa tena. Ndani ya kadi kuna chipu inayotunza data, na kuna kidude kingine kinachoiongoza. Kamera ikiuliza "una nafasi kiasi gani?", anayejibu ni yule kiongozi. Watengenezaji wa feki wanachukua chipu ndogo, ya GB 8 au 16, kisha wanamwandika upya kiongozi ajibu 128. Kamera haina sababu ya kubisha. Inaandika, na mpaka ile GB 16 ya kweli ijae kila kitu kinakwenda sawa. Ikishajaa, kuna kadi zinazoitupa data bila kusema lolote, na kuna zinazorudi mwanzo na kuandika juu ya picha za zamani. Orodha ya majina ya mafaili yenyewe imekaa mwanzoni mwa kadi, sehemu ya kweli. Ndiyo maana unaona jina na MB 24 zake kamili wakati ndani hamna kitu.

Piga hesabu zako mwenyewe. Picha 638 mara MB 24 na ushee, unapata kama GB 15 na nusu. Uliuziwa kadi ya GB 16 iliyovaa nguo ya 128.

Hapo ndipo jaribio lako la sebuleni lilipokuangusha, na si kwamba ulikuwa mzembe. Picha ishirini ni kama nusu GB, kadi feki yoyote inaibeba. Na picha inayotokea kwenye kioo mara tu ukishabonyeza inatoka kwenye kumbukumbu ya kamera yenyewe, haijasomwa kutoka kwenye kadi. Ungerudi nyuma picha hamsini ukaifungua moja, kamera ingekuambia haiwezi kuionyesha.

Kuhusu kurudi kwa picha nitakuambia ukweli ingawa ni mchungu. Kwa kuwa za mwanzo ziko salama, kadi yako ni ya aina inayotupa. Picha za bibi hazikufutika, hazikuandikwa popote. Atatokea mtu akuambie anazirudisha kwa laki mbili, usimpe hata mia. Lakini zile chache zenye kijivu usikate tamaa nazo. Faili la RAW la Canon lina picha ya kawaida, JPEG, iliyopachikwa karibu na mwanzo wake, na mara nyingine hiyo inapona hata kama RAW imekatika. Chukua programu ya PhotoRec, ni ya bure, ipitishe kwenye kadi, na itakachokiokoa ukihifadhi kwenye diski ya kompyuta, siyo kwenye kadi hiyohiyo.

Halafu ndugu yangu MtaaWaKati, kuhusu bei nakupinga. Elfu saba ni tofauti ya duka na duka hapa hapa mtaani. Anayeuza feki kwa elfu kumi anakamata wachache, aliyejifunza kazi anaiweka karibu na bei halali ili usishtuke. Nimepima kadi feki iliyonunuliwa 50,000, na mwenyewe alikuwa ananiapia haiwezi kuwa feki kwa sababu aliinunua ghali. Bei ya chini sana inakuonya, hilo kweli. Bei ya juu haikuhakikishii chochote.

---

KameraTemeke

Nimesoma mara tatu, kaka. Asante. Hiyo ya kioo sikuijua kabisa, miaka sita yote.

Sasa nisaidie hapa: mtu ananunua akiwa nyumbani, anachokiona ni picha ya tangazo. Ataanzia wapi?

---

FundiAggrey

Picha ya tangazo iache, haikusaidii. Ile ni picha ya kampuni, kila mtu anaichukua. Mwambie muuzaji akupigie picha ya kadi aliyonayo yeye, mbele na nyuma, ikiwa juu ya karatasi aliyoandika tarehe ya leo kwa kalamu. Mwenye mzigo anafanya hivyo kwa dakika mbili. Asiye nao, au anayejua alichonacho, ataanza maneno: "dada kuna wateja wengi", "dada wewe huniamini". Ukisikia hivyo ondoka, maongezi yameisha.

Picha ikija, ikuze usome. Mbele kuna alama ya aina ya kadi. SDHC zinaishia GB 32. Kuanzia 64 kwenda juu lazima iwe SDXC. Nimeshaona kadi imeandikwa 128 na chini yake SDHC, aliyeichapa hakujua anachokichapa. Hiyo ni feki bila mjadala. Nyuma angalia namba ya mfululizo. Kuna jamaa aliniletea kadi tano alizonunua pamoja, zote tano zina namba moja herufi kwa herufi. Namba ikirudiwa hivyo ni ya kukutia shaka.

Upande wa malipo, namba ya simu ya mtu binafsi ni hatari. Muombe Lipa Namba, maana pale jina la biashara linatokea kabla hujaweka namba ya siri, unaona unamlipa nani. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, omba mapema, siyo baada. Risiti ina jina la duka na TIN, namba yake ya mlipakodi, na muuzaji wa feki hapendi jina lake likae kwenye karatasi moja na kadi hiyo. Angalia pia ukurasa wenyewe: komenti zikiwa zimefungwa, wafuasi elfu sitini hawana maana. Wafuasi wananunuliwa, wateja wanaolalamika hawanunuliki, ndiyo maana wanafungiwa mdomo.

Lakini yote haya yanakupunguzia tu hatari. Kitu kimoja ndicho kinachomaliza ubishi: kupima. Kwenye Windows kuna programu inaitwa H2testw, kwenye Mac na Linux kuna F3, zote za bure. Inaijaza kadi yote mpaka pomoni, halafu inasoma kilichoandikwa na kulinganisha. Kadi ya 128 ikiandika MB 30 kwa sekunde, kuijaza ni kama saa moja na dakika kumi, na kuisoma ni muda mwingine juu yake. Kadi yenye alama ya kasi ya V30 haitakiwi kushuka chini ya hiyo 30. Feki nyingi nilizopima zinatambaa kwenye 8 mpaka 12, kwa hiyo hata kabla jaribio halijaisha utaona inakokota, saa tatu mpaka nne na nusu kwa kuandika tu. Iache usiku, ulale.

Kwa hiyo makubaliano na muuzaji yawe hivi, tena kwa maandishi kwenye meseji: nitaipima kwa saa 48, ikionyesha pungufu narudisha na hela yangu inarudi. Anayekubali kuandika hivyo ndiye wa kununua kwake.

Na dada, ile GB 119 uliyoambiwa ni kawaida, kweli ni kawaida. Kampuni inahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Hapo hukudanganywa.

---

MvitaBahari

Mimi niko Mombasa. Pole dadangu. Mimi yalinipata kwa njia nyengine: nilinunua kwenye soko kubwa la mtandaoni, si ukurasa wa mtu. Nikadhani soko lenyewe ndilo linaloniuzia. Kumbe ukisoma chini kwa maandishi madogo kuna jina la muuzaji mwengine kabisa, soko limempa kibanda tu. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachotazama ni hilo jina, kisha namtafuta amekuwapo tangu lini na ameuza nini kengine. Mtu aliyeuza viatu, sufuria na memori kadi mwezi mmoja, mimi simo.

Tatizo langu lilikuwa la kurudisha. Walisema wanapokea kitu ndani ya siku saba, ila stika isiwe imevunjwa. Sasa kadi utaipimaje bila kuvunja stika? Nilikaa na ile pakiti siku mbili mezani, siifungui, siirudishi. Mwishowe nikaifungua, ikatoka feki, wakakataa kuipokea.

---

FundiAggrey

Hilo swali ni zito na ndiyo maana nasema makubaliano yaandikwe kabla. Masharti ya stika ni ya kitu ulichobadilisha mawazo nacho. Kitu cha bandia ni habari nyingine, hata kiwe kimefunguliwa ni kosa la aliyekuuzia. Ila kubishana baada ya hela kuondoka ni kazi, ukiwa na picha tu ya pakiti iliyochanika. Fungua huku simu nyingine ikirekodi video bila kukata: pakiti nzima pande zote, unavunja stika, unaitoa kadi, unasoma namba ya nyuma, unaichomeka kwenye kompyuta, unaanzisha H2testw. Video ya namna hiyo nimeona ikirudisha hela ya watu.

Kwa dada wa Temeke: usimwachie huyo aliyekufungia. Kusanya meseji zote, meseji ya muamala, picha ya ukurasa na kadi yenyewe, upeleke Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 wanaisimamia wao, na bidhaa bandia ni kazi yao. Na kwenu Kenya ndugu yangu wa Mvita kuna sheria ya mwaka 2008 ya bidhaa ghushi na mamlaka yake maalumu. Watu wengi hawaendi kwa sababu kitu ni cha elfu thelathini. Aliyekuuzia amekaa juu ya hesabu hiyohiyo, kwamba hutapoteza nauli kwa ajili ya elfu thelathini.

---

MtaaWaKati

Kaka Aggrey nimekuelewa kuhusu bei, nakubali. Na mimi nimepima flashi yangu ya GB 64 jana usiku kwa H2testw. Ina GB 7. Nilikuwa nayo mwaka mzima, nimeweka nakala za vyeti vya watoto humo.

---

FundiAggrey

Hamisha vyeti leo, usingoje kesho. Fungua kila kimoja ukione kwa macho, usitosheke na kuona jina.

---

KameraTemeke

Wakuu, narudi na mrejesho, siku tisa baadaye.

PhotoRec niliipitisha. Ilinitolea picha nne za JPEG kutoka kwenye yale mafaili yaliyokatika, moja ya keki na tatu za akina shangazi wakiingia na zawadi. Za bibi, kama kaka alivyosema, hakuna.

Nilimpigia mama wa bi harusi mwenyewe, sikutaka asikie kwa mtu. Nilimweleza kila kitu, hata hesabu ya GB 15 na nusu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo mwanangu, mama yangu hayumo?" Sikuwa na jibu. Nilimrudishia nusu ya malipo, hakuniomba, nilimrudishia.

Halafu nikamkumbuka kijana wa video, yeye alikuwa upande wa kushoto wa jukwaa. Nikaenda kwake Mtoni na diski yangu. Tulikaa tangu saa nne asubuhi tunasogeza ile video taratibu, fremu kwa fremu. Video yake ni 1920 kwa 1080, picha kubwa ya ukutani haitoki hapo, lakini saizi ya inchi 6 kwa 4 inatoka safi. Tulipata kumi na moja. Katika moja bibi ameinama, fundo la khanga liko katikati ya vidole vyake, na mjukuu ameangalia juu ili machozi yasimharibie wanja. Nyuma kuna nguzo ya ukumbi na puto jeupe limeingia kwenye kona. Mimi nisingeipiga hivyo. Nimeichapa hivyohivyo, na puto lake.

FCC nimeshapeleka maelezo na kadi nimewaonyesha. Kadi mpya nimenunua mtandaoni tena, kwa makusudi, nione kama njia ya kaka inafanya kazi. Wauzaji wawili niliowaomba picha yenye tarehe hawakunijibu. Wa tatu aliituma baada ya dakika tano, karatasi ya daftari la mistari, mwandiko wa kalamu ya bluu, na akaandika kwenye meseji kwamba saa 48 anazikubali. Sh 46,000 na risiti. H2testw iliandika kwa saa moja na dakika tano, ikasoma, haikukuta kosa hata moja.

Picha ya bibi imeshapanda basi la Lushoto leo asubuhi, ndani ya bahasha ya kaki na kipande cha boksi ili isikunjike. Mama yake bi harusi ndiye aliyeandika jina juu.